Maji, tope, migebuka au mayai ya mnandi: upime nini unapotafuta kemikali sugu Ziwa Tanganyika

Una fedha za kupima sampuli 30 tu kati ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na mlango wa mto Malagarasi. Uzipeleke wapi? Wengi huanza na maji, kwa kuwa chupa ya maji hujazwa kwa dakika moja na mjumbe yeyote anaweza kutumwa. Kwa DDT na dieldrini (dawa za zamani za wadudu), PCB (za mafuta ya transfoma) na jamii yake, hapo ndipo fedha huzama kabla ya kazi kuanza. Kwa PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta kushika kwenye nguo na vyombo, mambo yanageuka, maji ndiyo ya kwanza. Basi kabla ya kuuliza bei ya vifaa, taja jina la kemikali unayoitafuta.

Tuanze na hesabu ndogo. Ziwa Tanganyika lina maji kama kilomita za ujazo 18,900. Chukua tani nzima ya DDT, uikoroge sawasawa ziwa zima: utapata takribani nanogramu 0.05 kwa lita. Maabara yenye mashine ya GC (ya kutenganisha kemikali) na kitambuzi cha ECD (chenye kunusa zenye klorini), ikipewa lita moja, kwa kawaida huanza kuona kwenye nanogramu chache kwa lita. Ripoti itarudi imeandikwa "haikuonekana", na mkubwa atakayeisoma ataelewa "haimo". Sasa chukua samaki aliyeogelea humo humo. DDT haipendi maji, inapenda mafuta, na mwilini mwa samaki inaweza kujikusanya mara 50,000 ya ilivyo majini. Zidisha: nanogramu 2,500 kwa kilo, yaani mikrogramu 2.5. Hiyo maabara ileile inaiona bila taabu.

Jambo la pili ni umbile la ziwa lenyewe. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa mno ya maji huondoka kwa mvuke. Mvuke hauibebi PCB kama mto ungeibeba. Kilichoingia kikakataa kuoza, kitazama topeni au kitazunguka kati ya dagaa, mgebuka na anayemla mgebuka.

Jedwali hili ni la kutazama haraka, maelezo yako chini yake.

| | Maji ya kuchotwa | Polithini inayoachwa majini | Tope la juu | Samaki | Mayai ya ndege |
|---|---|---|---|---|---|
| Muda unaowakilisha | Dakika ile | Wiki 4 hivi | Miaka kadhaa | Miezi hadi miaka | Msimu wa kutaga |
| Inafaa zaidi kwa | PFAS, dawa za shamba zinazoyeyuka majini | DDT, PCB zilizo majini kwa kiwango kidogo mno | DDT, PCB, dieldrini, PBDE (vizuia moto) | Kemikali sugu zote, na zebaki | DDE (mabaki ya DDT), PCB, PFOS (mojawapo ya PFAS) |
| Kiasi cha kuchukua | Lita 1 (DDT), nusu lita (PFAS) | Vipande 3 kila kituo | Gramu 200 mbichi | Samaki 5 hadi 10 kwa mchanganyiko mmoja | Yai 1 kwa kiota |
| Kinachoiharibu mara nyingi | Chupa isiyofaa | Wizi, mwani | Mchanga, kome na mawe | Kutojua alikovuliwa | Vibali, idadi ndogo |

Maji: mtoni ndiyo, katikati ya ziwa hapana

Maji yana thamani pale unapotaka kushika kitu kikiingia. Hapo subiri mvua za kwanza, mwisho wa Oktoba au Novemba, usimame mtoni. Luiche ni mto mfupi, unatoka mashambani na makazini ukaingia moja kwa moja kwenye delta yake karibu na Ujiji. Unachokipata mlangoni ndicho kilichooshwa juu. Malagarasi ni habari nyingine. Kabla ya kufika ziwani unapita kwenye mbuga na vinamasi vikubwa vya Malagarasi-Muyovozi, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2000, na huko tope lake jingi hutua. Kemikali inayopanda juu ya chembe za tope hutua nayo. Aliyeko Urambo au Kaliua, ambako maji huelekea Ugalla na Malagarasi, asingoje kuona uchafu wa kwao ukifika ziwani. Apime tope la kwao.

Na kwa wa Tabora kuna tahadhari nyingine. Dawa nyingi zinazopulizwa kwenye tumbaku siku hizi si sugu kwa maana ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali zisizooza haraka. Imidakloprid, kwa mfano, huyeyuka vizuri majini, na samaki hatakuambia mengi juu yake. Hiyo ndiyo ya chupa ya maji, siku chache baada ya kupuliza na mara tu mvua inapotiririsha. Endosulfani, iliyozoeleka kwenye pamba na kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba mwaka 2011, itafute kwenye tope la mabwawa, na usisahau kuiomba maabara ipime endosulfani salfeti pia, kwa sababu ndiyo inayobaki baada ya dawa yenyewe kubadilika.

Maji ya mto ya masika yana tope, na hapo ndipo wengi huteleza. Ukichuja maji kisha ukatupa chujio, umetupa sehemu kubwa ya DDT. Tumia chujio la nyuzi za kioo la mikromita 0.7, lililochomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 450 kwa saa 4, kisha peleka maabara maji na chujio vyote viwili, kila kimoja na namba yake. Bila kuchuja, maji ya Malagarasi yataziba katriji ya kunasia kemikali kabla nusu lita haijapita.

Polithini: kama lazima upime ziwa lenyewe

Wapo wanaohitaji namba ya maji ya ziwa, si ya mto. Kwao chupa haitoshi, ila ukanda wa polithini laini unene wa mikromita 50 hadi 100 utafanya kazi ya mamia ya lita. Unauacha majini siku 28, kemikali zinazopenda mafuta zinaingia ndani yake kidogo kidogo kama zinavyoingia kwenye samaki. Polithini ya kawaida isiyo na rangi inafaa, mradi iloweshwe kwenye kiyeyushi safi mara mbili, saa 24 kila mara. Kabla haijaondoka maabara hutiwa kemikali chache za alama ambazo hazipo kwenye mazingira. Zinavyopungua ndivyo unavyojua maji yalipita kwa kasi gani, na bila hizo huwezi kugeuza nanogramu za ukanda kuwa nanogramu za lita.

Ifungie kwenye kizimba cha waya wa chuma cha pua, itie nanga. Boya usiliache juu ya maji. Boya linaloonekana ni mali ya wa kwanza kulipita, na kamba nzuri ina soko. Lizamishe mita 2 chini ya uso, andika alama ya GPS, na kabla ya yote kaa na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo uwaeleze ni nini na kitatolewa lini. Wavuvi wakijua, ndio watakaokuwa walinzi wako.

Ukanda mmoja wa akiba uufungue hewani muda uleule unaotumbukiza na kuopoa vingine, kisha uurudishe kwenye chupa yake. Polithini hunyonya hata moshi wa injini ya mtumbwi, na bila ukanda huo wa hewani utadhani ni ziwa.

Tope: hapa ndipo kituo cha kudumu hujengwa

Tope la chini, ambalo maabara huliita mashapo, ndilo chaguo letu la kwanza kwa DDT na PCB. Halihami, halina msimu wa kuzaa, na ukirudi baada ya miaka mitano utalikuta palepale. Ila lazima ulichukue vizuri, na chombo kinategemea sakafu ya mahali.

Chombo cha Ekman, chenye mdomo wa sentimita 15 kwa 15, ni chepesi, kinashushwa kwa mkono, na kwenye tope laini la ndani ya Ghuba ya Kigoma kinafanya kazi nzuri. Kipeleke nje kidogo kwenye vitanda vya makombe ya konokono wa Neothauma, vilivyotapakaa sehemu nyingi za ziwa hili, kombe moja likikwama kwenye taya tope lote litavuja njiani. Ponar ndogo, mdomo uleule lakini uzito karibu kilo 10, hujifunga kwa uzito wake na hukata mchanga na makombe. Watu wawili wanaivuta bila winchi. Ponar kubwa ya sentimita 23 usiichukue kama huna winchi, mgongo utakudai. Kwa mtu anayenunua kimoja tu kwa ajili ya Kigoma, tungesema Ponar ndogo.

Bomba la kuchomeka, linalotoa tope katika mnara wake bila kuchanganya tabaka, ni la swali la tofauti: uchafu huu ulianza lini? Na kwa swali hilo ziwa hili ni hazina. Kuanzia kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini, na chini zaidi sana kusini, maji hayana oksijeni. Hakuna minyoo wala konokono wa kuchimbua, kwa hiyo tabaka hubaki zilivyotua. Mbali na midomo ya mito tope hujaa kama milimita 1 kwa mwaka, maana yake sentimita moja ni miaka kumi hivi. Ndiyo maana kutumia Ekman huko kisha kukoroga bakuli zima ni hasara: sentimita 10 zilizochanganywa zimemkusanya Mjerumani aliyejenga stesheni na mvua ya mwaka jana katika kijiko kimoja. Karibu na mto tope hujaa haraka zaidi, na kwenye mabwawa ya Tabora haraka zaidi tena, hivyo bomba la nusu mita bwawani laweza kukupa historia ya bwawa zima tangu lijengwe.

Kazi yenyewe mtumbwini huenda hivi. Zima injini, ngoja mtumbwi utulie, andika kina na alama. Shusha chombo kwa kasi ya kawaida hadi ubaki mita moja, kisha kiteremshe polepole sana, maana kikienda kwa kishindo kinasukuma maji mbele yake na kupeperusha lile tabaka jepesi la juu ambalo ndilo ulilolifuata. Kikifika juu kiangalie kabla ya kukimwaga: taya zimefungana? Maji juu ya tope ni maangavu? Uso wa tope ni bapa? Jibu moja likiwa hapana, mwaga, osha, rudia. Yakiwa ndiyo, nyonya maji ya juu kwa mpira, kisha kwa kijiko cha chuma cha pua chota sentimita 2 za juu, katikati, bila kugusa kuta za chombo. Rudia mara tatu kwenye kituo kimoja, changanya kwenye bakuli la chuma, jaza chupa ya kioo hadi robo tatu. Anayeijaza hadi shingoni ataikuta imepasuka ndani ya friza.

Tope lisilo na oksijeni hunuka yai bovu, na salfa iliyomo huleta mlima mkubwa kwenye karatasi ya ECD unaofunika baadhi ya dawa au kusomwa kama dawa. Iambie maabara mapema, kwa maandishi, isafishe dondoo kwa unga wa shaba uliosuguliwa kwa asidi. Unga ukigeuka mweusi, salfa bado ipo, waongeze. Tope hilohilo lina hila ya pili. Penye oksijeni DDT hugeuka DDE, pasipo oksijeni hugeuka DDD. Mtu aliyezoea kulinganisha DDT na DDE peke yake ili kujua kama dawa ni mpya au ya zamani atadanganyika. Jumlisha DDE na DDD pamoja, kisha ulinganishe na DDT.

Mwisho, omba kiasi cha kaboni ya viumbe na sehemu ya chembe ndogo kuliko mikromita 63. Mchanga haushiki kitu. Tuseme mlangoni mwa mto umepata mikrogramu 1 kwa kilo kwenye mchanga wenye kaboni asilimia 0.5, na ghubani mikrogramu 4 kwenye tope lenye asilimia 4. Kwa macho ghuba ni chafu mara nne. Gawanya kwa kaboni: mto una mikrogramu 200 kwa kila kilo ya kaboni, ghuba 100. Chanzo kiko mtoni.

Kwa kipimo cha kulinganishia, viwango vya mashapo ya maji baridi vinavyotumika sana, vilivyotungwa Amerika Kaskazini, huweka jumla ya DDT kwenye mikrogramu 5.28 kwa kilo kavu kama kizingiti ambacho chini yake madhara kwa viumbe wa chini hayategemewi, na 572 ambacho juu yake yanategemewa. Kwa jumla ya PCB ni 59.8 na 676. Katikati ya namba hizo kuna pengo kubwa, na huko ndiko matokeo mengi huangukia.

Samaki: yupi, na ulimpata wapi

Swali likiwa "watu wanakula nini", hakuna kinachomshinda samaki. Ila samaki si mmoja.

Dagaa huishi mwaka mmoja hivi. Kilichomo ndani yao ni cha karibuni, wanapimwa wazima kwa kuwa wanaliwa wazima, na gramu 100 zinatosha. Mgebuka huwala dagaa na huishi miaka kadhaa, kwa hiyo amelimbikiza zaidi na kemikali zake ni rahisi kuonekana kwenye mashine ya maabara. Udhaifu wake ni miguu, kama angekuwa nayo: anazurura ziwa lote. Mgebuka wa Kibirizi anakueleza habari za ziwa, hakuelezi habari za Ghuba ya Kigoma. Ukitaka ghuba au jiwe fulani, nenda kwa samaki wadogo wa mawe wa jamii ya Tropheus. Hao hawavuki hata ghuba ya mchanga iliyo jirani, rangi zao hubadilika kutoka ufuko hadi ufuko kwa sababu hiyo. Wanakula mwani, hivyo namba zao zitakuwa ndogo, ila ni za pale pale. Tabora, kwenye mabwawa na mbuga, kambale anashika nafasi zote mbili: anakaa topeni, anakula chochote, haendi mbali.

Pangeni mwezi kabla ya gari. Uvuvi wa dagaa na migebuka kwa taa husimama siku za mbalamwezi, na atakayefika Kibirizi mwezi ukiwa mpevu atakuta vipe, mitumbwi ya uvuvi wa taa, vimepumzika. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo ratiba yoyote ya katikati ya mwaka iulizwe kwanza ofisi ya uvuvi.

Kununua sokoni ndiyo njia rahisi na ndiyo inayozaa data isiyo na kwao. Mpokee mvuvi alfajiri, muulize alivulia wapi, chukua samaki kabla hawajaoshwa kwa maji ya mwaloni. Aliyekaushwa usimguse: amelala juu ya mchanga au chanja, amepata vumbi, huenda na dawa ya nzi. Chagua watano hadi kumi wa jinsi moja, mdogo wao asipungue asilimia 75 ya urefu wa mkubwa wao. Jike aliyetoka kutaga amemwaga mafuta yake pamoja na mayai, na DDT imekwenda humo, basi kumchanganya na dume ni kupata wastani usio na maana.

Sehemu ya mwili ifuate kemikali. DDT na PCB hukaa kwenye mafuta, zebaki hukaa kwenye mnofu hata usio na mafuta, PFAS hupenda damu na ini. Ukimpima mlaji binadamu chukua mnofu, ukitaka kujua kwazi au fisi maji anapata nini, pima samaki mzima. Zebaki si kemikali ya Mkataba wa Stockholm, ina mkataba wake wa Minamata ulioanza kutumika Agosti 2017, ila kwa Nzega na kwingineko wanakochenjua dhahabu ni upuuzi kumchinja kambale kwa DDT ukaacha kumpima zebaki. Kipande cha gramu 20 cha mnofu uleule kinatosha.

Mayai

Tutayapitia haraka, maana kwa wengi si chaguo la kwanza. Yai la mnandi, ndege mla samaki, linakusanya alichokula mama, na DDE hulifanya ganda kuwa jembamba. Uzuri wake ni kwamba kipimo kimoja hakihitaji maabara kubwa: pima ganda kavu kwa miligramu, gawanya kwa urefu mara upana kwa milimita. Namba hiyo ikishuka mwaka hadi mwaka, kuna jambo. Maji ya ndani hupotea yai likikaa, basi rekebisha uzito kwa ujazo wa awali, ambao ni 0.51 mara urefu mara upana mara upana, kwa sentimita. Ugumu ni karatasi. Kibali cha utafiti COSTECH, TAWIRI kwa wanyamapori, TANAPA ikiwa ni ndani ya Gombe au Mahale. Anza miezi mingi kabla ya msimu. Mayai yaliyokataa kuanguliwa huruhusiwa kwa wepesi zaidi, lakini yamejichagua yenyewe: huenda yalikataa kwa sababu ya uchafu huohuo.

Chupa: kosa linalorudiwa kuliko yote

DDT na PCB zinataka kioo cha kahawia, kilichosuuzwa kwa asetoni na heksani, kifuniko chenye utando wa tefloni. Ukizitia kwenye plastiki zinaingia kwenye ukuta wa chupa, na maabara inapima maji yaliyobaki bila kitu. PFAS ni kinyume kabisa: zinataka chupa ya polipropilini au polithini nzito, kwa kuwa baadhi yake hung'ang'ania kioo, na tefloni ni ndugu yao wa damu. Kwa hiyo huwezi kugawa chupa moja kwa kazi mbili. Samaki wa DDT anafungwa kwenye karatasi ya aluminiamu iliyosuuzwa, samaki wa PFAS anatiwa moja kwa moja kwenye mfuko safi wa polithini.

Siku ya PFAS anayechota asivae koti la mvua lenye dawa ya kuzuia maji, asile chakula kilichofungwa kwenye karatasi ya mafuta, na bomba lenye utepe mweupe wa tefloni lisiguse sampuli. Siku ya DDT mchunge mtu aliyejipaka mafuta ya mbu na yule aliyetoka kushika galoni ya petroli. Chota upande wa mbele wa mtumbwi, dhidi ya mkondo, injini ikiwa imezimwa.

Safari ya maabara

Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Maji ya DDT yanatakiwa kuwa chini ya nyuzi 6 na kuanza kutolewa kemikali ndani ya siku 7 tangu yachotwe, PFAS wana siku 28. Tope na samaki vikigandishwa kwa nyuzi −20 vinastahimili miezi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvipendelea ukiwa mbali na maabara.

Njia nzuri kwa maji ni kuyapitisha kwenye katriji hapo hapo Kigoma, mililita 5 hadi 10 kwa dakika, uikaushe kwa kuvuta hewa dakika 30, uifunge kwa aluminiamu na kuigandisha. Katriji kumi zinaingia kwenye kopo la chai. Heksani haipandi ndege, katriji kavu inapanda. Kwa friza, funga chupa ndogo ya maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi Jumatatu ukakuta sarafu imezama katikati ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu na mzigo uliyeyuka ukaganda upya, hata kama kipima joto kinasoma −20 safi kabisa.

Sampuli 30 zigawanywe hivi

Sampuli 10 za tope: mbili Luiche, nne ndani ya Ghuba ya Kigoma, mbili mlango wa Malagarasi, mbili mahali pa kulinganishia mbali na mji, kwa mfano nje ya Gombe. Samaki 12: michanganyiko mitatu ya migebuka, mitatu ya dagaa, sita ya samaki wa mawe kutoka sehemu mbili, moja ghubani na moja mbali. Nane zilizobaki msiziite za ziada. Mbili ni sampuli tupu (chupa safi zinazofunguliwa kituoni bila kutiwa kitu), tatu ni marudio, moja ni sampuli iliyotiwa kemikali kwa kiasi kinachojulikana ili kuona maabara inarudisha asilimia ngapi, na mbili ni maji ya PFAS kutoka mfereji unaoingia ghubani. Marejesho yakiwa chini ya asilimia 70 au juu ya 130, iombeni maabara irudie kabla ya kulipa salio.

Matokeo yakifika, tazama kizio kabla ya namba. Tope hutolewa kwa uzito mkavu, samaki kwa uzito mbichi au kwa mafuta. Mikrogramu 10 kwa kilo kavu ya tope lenye maji asilimia 70 ni mikrogramu 3 kwa mbichi, na ripoti nyingi zimeshachanganya hizo mbili katika jedwali moja. Kwa maji ya kunywa, WHO huweka DDT kwenye mikrogramu 1 kwa lita, aldrini na dieldrini kwa pamoja 0.03. Maabara ambayo kikomo chake cha kuona dieldrini ni 0.05 haiwezi kukuambia kama maji yamepita au yameanguka, hata ikiandika "haikuonekana" kwa wino mzito. Muulize mkuu wa maabara kikomo hicho kabla ya kusaini, aandike namba kwa kila kemikali.

Na kila sampuli gawanya mara mbili, nusu moja ibaki kwenye friza Kigoma. Andika kwa penseli kwenye karatasi nene, uiweke katikati ya mifuko miwili: tarehe, alama, kina, chombo, aina ya samaki, urefu, jinsi, jina la mwalo. PFOS iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba mwaka 2009, PFOA 2019, PFHxS 2022, na orodha bado inaongezeka. Mgebuka wa leo aliyegandishwa akiwa na lebo inayosomeka ataweza kuulizwa kemikali ambayo bado haijaorodheshwa.